Kutoka Begani hadi Baisikelini: Historia ya Usafiri wa Watu katika Kasongo na Kabambare

Utangulizi

Historia ya usafiri katika Kongo ya mashariki imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa kufuata reli, meli na viwanja vya ndege. Mahali ambapo reli haikufika, kalamu ya mwanahistoria nayo mara nyingi haikufika. Kasongo na Kabambare, miji miwili ya Maniema ya kusini, ni mahali pa namna hiyo. Reli ilipita ng'ambo ya magharibi ya mto Lualaba. Barabara ya magari ilifunguliwa, ikafunikwa na majani, ikafunguliwa tena. Hata hivyo, wakazi wa miji hii hawakuacha kusafiri, wala soko lao halikuacha kupokea chumvi, nguo na sabuni kutoka mbali. Lazima basi pawepo usafiri ambao vitabu havikuutazama.

Makala haya yanachunguza usafiri huo tangu zama za misafara hadi wakati huu. Hoja yake ni moja. Kila dola iliyotawala Maniema ya kusini ilitengeneza njia kwa ajili ya mzigo uliokuwa ukipita kwenda kwingine, na gharama ya njia hiyo ikalipwa na miili ya wenyeji. Chombo kimoja tu kilichaguliwa, kikanunuliwa na kutunzwa na wenyeji wenyewe kwa haja zao, nacho ni baisikeli. Kwa hiyo, mpango wowote wa kuboresha usafiri katika miji hii ambao unahesabu magari na kuwasahau wapanda baisikeli na waenda kwa miguu utakuwa unarudia kosa la zaidi ya karne moja.

Ifaa kueleza mapema maana ya usafiri wa umma katika makala haya. Kwa kawaida maneno hayo humkumbusha msomaji mabasi ya Dar es Salaam au matatu ya Nairobi. Hapa yanachukuliwa kwa maana pana zaidi: kila njia na kila chombo ambacho mtu wa kawaida anaweza kukitegemea ili afike sokoni, shuleni, hospitalini au kwa jamaa zake. Kwa maana hiyo, miji isiyo na mabasi ya ratiba ina usafiri wa umma pia, na usafiri huo una historia.

Njia ya misafara

Kasongo na Kabambare zilikua kwa sababu ya njia. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, misafara iliyotoka Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika, ikatua Mtoa kwenye pwani ya magharibi, kisha ikapanda kuelekea Kabambare, na kutoka hapo ikafuata nchi ya mto Luama hadi Kasongo na Nyangwe. David Livingstone alifika mwaka 1869 mahali alipopaita Bambarre, ambapo kwa kawaida panatambuliwa kuwa ndipo Kabambare, akakaa huko kwa muda mrefu kwa sababu ya ugonjwa kabla ya kufika Nyangwe mwaka 1871. Henry Morton Stanley alipita Kabambare mwezi wa Oktoba 1876, akafuata Luama hadi inapoingia Lualaba. Wageni hao hawakugundua njia. Walionyeshwa njia iliyokuwa ikikanyagwa na watu wengi kabla yao.

Hamed bin Muhammad el Murjebi, mashuhuri kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makuu katika miaka ya 1870. Masimulizi ya maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili na kutolewa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ni chanzo muhimu kwa mwanafunzi wa lugha na wa historia pia. Katika masimulizi hayo safari haielezwi kwa umbali bali kwa siku, kwa vituo na kwa idadi ya watu. Ndivyo usafiri ulivyopimwa wakati huo: si kwa barabara, bali kwa wapagazi.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kadiri ya kilo 30. Nguo, shanga, bunduki na baruti zilikwenda magharibi. Pembe za ndovu zilikwenda mashariki. Baadhi ya wapagazi walikuwa watu wa kuajiriwa, hasa Wanyamwezi, ambao kazi hiyo waliihesabu kuwa heshima ya kijana. Wengine walikuwa mateka ambao walibeba pembe na wao wenyewe wakiwa bidhaa. Historia ya njia hii haiwezi kuandikwa bila kutaja mauaji ya sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, ambayo Livingstone aliyashuhudia. Njia iliyoleta mpunga, miembe na Kiswahili ndiyo iliyochukua watoto wa watu.

Lugha imehifadhi kumbukumbu ya mambo hayo vizuri kuliko mawe. Lichukuliwe neno hongo. Katika zama za misafara hongo ilikuwa ada ambayo msafara ulimlipa mtawala wa nchi ili upite kwa amani. Ilijadiliwa hadharani, ikapokelewa hadharani, na aliyeipokea alikuwa na wajibu wa kulinda wapitaji. Leo neno hilohilo lina maana ya malipo ya siri anayodai mwenye mamlaka bila haki. Msafiri wa Maniema anayesimamishwa penye kizuizi cha barabarani analipa hongo kwa maana ya pili, lakini mahali pa kulipia ni palepale: njiani, mbele ya mtu mwenye silaha.

Vilevile lichukuliwe jina Tongoni, ambalo limebaki kwa Kasongo ya kale. Tongo ni mahali palipohamwa, na jina hilo lipo pia katika pwani, kwenye magofu ya Tongoni karibu na Tanga. Watu wa Maniema walikuwa na neno la pwani tayari walipohitaji kuutaja mji uliokufa. Katika miaka ya karibuni wanaakiolojia wamefanya utafiti Tongoni na Kabambare, na kazi yao imethibitisha kwamba kumbukumbu za njia ya misafara zimo ardhini na vinywani mwa watu kwa pamoja.

Bula Matari na mabega ya watu

Vita vya miaka ya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru la Kongo na wakubwa wa Kiarabu na Kiswahili vilikuwa, kwa upande mmoja, vita vya kumiliki njia. Majeshi ya Francis Dhanis yaliteka Nyangwe mwezi wa Machi 1893 na Kasongo mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Kabambare ilianguka Januari 1894. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi hilo, alieleza kwa mshangao mashamba makubwa ya mpunga yaliyouzunguka mji wa Kasongo. Mji huo haukuwa kambi tu ya wafanyabiashara wa pembe. Ulikuwa mji wa wakulima na soko lililolishwa na vichochoro vingi vya miguu.

Dola mpya iliitwa na watu Bula Matari. Jina hilo, lenye maana ya mvunja mawe, alipewa Stanley katika Kongo ya chini alipokuwa akipasua njia kando ya maporomoko kuanzia mwaka 1879, kisha likahamia kwa serikali nzima. Ni jambo la kutafakari kwamba dola ilijulikana kwa watu wake kwa jina la kazi ya barabara. Lakini katika Maniema, mvunja mawe hakuanza kwa kuvunja mawe. Alianza kwa kuchukua wapagazi. Vituo vya mashariki vilihitaji risasi, vyakula na bidhaa, na mpira na pembe zilihitaji kutolewa. Vyote vilipita juu ya vichwa na mabega.

Tofauti kati ya upagazi wa zamani na huu mpya haikuwa uzito wa mzigo bali uhusiano wa mbebaji na safari. Mpagazi wa kuajiriwa wa misafara alijadili ujira na alijua mwisho wa mwendo. Mpagazi wa dola alihesabiwa kijijini, na kijiji kikawa na deni la watu. Afisa wa serikali naye alibebwa katika kipoyi, kiti chenye miti miwili kilichowekwa mabegani mwa watu wanne au zaidi. Kipoyi kiliwafundisha watoto wa njiani somo ambalo shule haikuhitaji kulirudia: kwamba wako wanaosafiri, na wako wanaosafirisha.

Vita Kuu ya Kwanza ilizidisha mzigo. Kwa ajili ya mapigano ya Afrika ya Mashariki, ambayo kwa upande wa Kongo yalifikia kilele kwa kutekwa kwa Tabora mwezi wa Septemba 1916, utawala wa Kibelgiji ulikusanya wapagazi wanaokadiriwa kuwa 260,000. Wilaya za mashariki, zilizokuwa karibu na uwanja wa vita, zilitoa watu wengi. Kwa familia za Maniema, jambo lililohusu usafiri katika miaka hiyo halikuwa kufika upesi, bali kurudi nyumbani.

Reli ya ng'ambo na barabara ya pamba

Wakati huohuo reli ilikuwa ikijengwa. Kampuni ya reli ya Kongo ya juu na Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi CFL, ilianzishwa mwaka 1902. Njia ya Stanleyville hadi Ponthierville ilikamilika mwaka 1906. Njia ya Kindu hadi Kongolo ikafunguliwa kati ya miaka ya 1910 na 1911. Na mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ikafika Ziwa Tanganyika. Lengo lilikuwa kuruka sehemu za mto zenye maporomoko, ili mzigo uhame kutoka meli hadi gari-moshi na kurudi tena melini.

Kwa Maniema ya kusini, matokeo yalikuwa mageuzi ya ramani. Kwa miaka arobaini Kasongo ilikuwa imetazama mashariki, kuelekea ziwa na bahari ya Hindi. Sasa biashara iligeuzwa kwenda kaskazini na kusini, juu ya vyuma vilivyolala upande wa magharibi wa Lualaba. Kindu, iliyokuwa mwanzo wa reli, ilikua. Nyangwe ilisinyaa. Kabambare, iliyokuwa mlango wa nchi kwa mtu atokaye ziwani, ikawa mji wa ndani. Kasongo ilibaki na cheo chake cha utawala, lakini ili kulifikia gari-moshi mkazi wake alilazimika kwanza kuvuka mto.

Kisha ikaja pamba. Majaribio ya kwanza ya kilimo hicho katika Kongo yalifanywa Nyangwe mwaka 1915, na kuanzia mwaka 1917 pamba ikawa zao la lazima. Pamba ni nyepesi kwa kilo moja lakini ni kubwa kwa umbo. Kikapu chake huziba macho ya anayekibeba na hushika matawi ya njiani. Kabla ya barabara za magari kuenea, mavuno yalibebwa kichwani na mgongoni hadi masoko ya ununuzi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iliwaangukia wanawake na watoto, ambao majina yao hayakuandikwa katika daftari la mnunuzi.

Barabara za magari zilifunguliwa hasa kuanzia miaka ya 1920 ili kutoa pamba, mchele na mawese. Zilijengwa kwa jembe, kapu na mikono. Vijiji vilihamishwa kutoka vichochoro vyao na kupangwa kando ya barabara, ili kodi ikusanywe kwa urahisi na ili pasikosekane watu wa kufyeka na kuziba mashimo. Kazi za lazima zilizokadiriwa kuwa siku 60 kwa mwaka ziliongezwa kuwa siku 120 mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hivyo mwanakijiji alitunza barabara ambayo gari lake lilikuwa halipo. Lori lilipopita, alisimama pembeni.

Ni kweli kwamba barabara hizo zilileta pia faida. Upagazi wa masafa marefu ulipungua, zahanati na shule zilifikiwa, na katika miaka ya 1950 mtu angeweza kwenda kwa lori kutoka Kasongo hadi miji ya mbali. Ila yapaswa kusisitizwa kwamba ratiba ya lori ilikuwa ratiba ya pamba. Abiria alikaa juu ya magunia. Yeye ndiye aliyekuwa mzigo wa ziada.

Barabara inapokufa

Baada ya uhuru wa mwaka 1960, barabara za Maniema zilipata majaribu mfululizo. Mwaka 1964 majeshi ya Simba yalipitia Kasongo hadi Kindu, na vita vya kuyafukuza vikapitia njia hizohizo. Mwaka 1971 iliundwa Ofisi ya Barabara ya taifa, kwa matumaini makubwa. Lakini hatua za Novemba 1973, zilizohamisha biashara za wageni na kuzikabidhi kwa wananchi walioteuliwa, ziliyumbisha maduka, magari na karakana kwa pamoja. Vipuri viliadimika. Serikali iliwaita wananchi kwenye salongo, kazi ya pamoja ya lazima, na kwa mara nyingine jembe la mwanakijiji likatakiwa kutimiza kazi ya mashine. Pamba ilipoanguka, sababu ya lori kuja ikaanguka nayo. Na lori lilipoacha kuja, sababu ya kufyeka barabara ikaonekana kuwa ndogo.

Nchi nzima ilikumbwa na hali hiyo. Mtandao wa barabara za Kongo huhesabiwa kwa kawaida kuwa na kilomita 152,400, na kati ya hizo zaidi ya kilomita 58,000 zimo chini ya Ofisi ya Barabara, huku sehemu iliyobaki kubwa ikiwa barabara za vijijini. Tarakimu hizo ni za kwenye karatasi. Katika Maniema ya kusini, urefu wa barabara ulipimwa kwa idadi ya madaraja ya magogo yaliyokuwa bado yamesimama.

Athari za hali hiyo zilionekana wazi zaidi katika afya. Kasongo ina nafasi ya pekee katika historia ya tiba ya jamii. Mwaka 1971 ulianza hapo mradi wa afya ulioshirikisha Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp. Mradi huo uligawa huduma katika vituo vidogo vilivyo karibu na watu, vikiungwa mkono na hospitali ya mjini. Utafiti wake juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto ulichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1981 na bado unajadiliwa na wataalamu. Mpangilio wa mradi ulikubali ukweli mmoja rahisi: mama mwenye mtoto mgonjwa huenda kwa miguu, na miguu ina mpaka wake. Kituo kilisogezwa kwa mama kwa sababu barabara haikuweza kumsogeza mama kwa kituo.

Lakini mgonjwa wa kupasuliwa hapasuliwi kituoni. Rufaa ni suala la barabara kabla ya kuwa suala la daktari. Mahali gari lilipokosekana, mgonjwa alichukuliwa kwa machela ya miti na kamba, mabegani mwa ndugu zake, au akaketishwa nyuma ya baisikeli huku mwingine akimshika asianguke. Kipoyi cha afisa kilikuwa kimekwisha. Kipoyi cha mgonjwa kilibaki.

Kinga, velo, toleka

Baisikeli haikuwa ngeni katika Maniema. Katika zama za ukoloni ilikuwa alama ya karani, mwalimu, katekista na msimamizi wa kilimo. Aliyeinunua kwa mshahara aliipaka mafuta siku ya Jumapili na kuisukuma penye matope ili isichafuke. Ilikuwa chombo cha mtu mmoja na cheo chake. Historia yake kama usafiri wa umma ilianza pale magari yalipotoweka.

Mabadiliko hayo yalianza kwa kudhoofika kwa barabara katika miaka ya 1980, na yakakamilishwa na vita. Tangu vita vya 1996 na 1997, na zaidi baada ya Kindu kutekwa mwezi wa Oktoba 1998, Maniema ilikatika. Treni zilisimama, mafuta ya gari yakawa adimu, na barabara zikagawanywa kati ya majeshi. Katika hali hiyo kijana mwenye baisikeli alichukua nafasi ya lori. Zaidi ya kilomita 200 zinatenganisha Kasongo na Kindu, na zaidi ya 100 zinatenganisha Kasongo na Kabambare. Masafa hayo yalikatwa na watu waliosukuma baisikeli zenye bidoni za mawese na magunia ya mchele, wakarudi na chumvi, sabuni, dawa na vitenge.

Nasema zao za ufundi zilitokana na haja. Baisikeli ya mizigo haipandwi; husukumwa. Fimbo hufungwa kwenye usukani ili msukumaji atembee kando bila kuinama, na nyingine husimamishwa nyuma ya kiti ili imsaidie kusukuma na kuzuia mteremkoni. Fremu huongezwa vyuma, na kiti cha nyuma hutanuliwa kwa mbao. Mafundi wa kando ya njia hujua kuunga chuma kwa moto wa makaa na kukata matairi makuukuu kuwa mipira ya kufungia mizigo. Huo ni ufundi kamili, na hakuna shule iliyoufundisha.

Majina ya chombo hiki yana historia yao. Mtu wa pwani husema baisikeli. Katika Kiswahili cha Kongo husikika kinga, na pia velo kutoka Kifaransa. Baisikeli inayobeba abiria kwa malipo iliitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya tupite, lililovuma Kisangani katika miaka ya 1990 na kuenea katika miji ya Lualaba. Mwanafunzi wa lugha atakumbuka hapa safari ya neno jingine lililokwenda upande wa pili. Kiswahili kilikipa Kilingala neno barabara, ambalo huko limekuwa balabala, yaani njia ya mjini. Mashariki ilitoa jina la njia. Magharibi ikarudisha jina la kupita. Maneno hayo mawili yalikutana katika miji ambayo barabara zake zilikuwa mbovu lakini wapitaji wake hawakusimama.

Toleka ina jamaa katika Afrika ya Mashariki. Boda boda, iliyoanzia mpakani kati ya Kenya na Uganda katika eneo la Busia miaka ya 1960, ilikuwa baisikeli kabla ya kuwa pikipiki. Mageuzi hayo yametokea Maniema pia: katika karne hii pikipiki za bei nafuu zimeichukua sehemu kubwa ya kazi ya kubeba abiria mjini, na baisikeli ikabaki na mizigo, na watu wasioweza kulipa nauli ya pikipiki, na njia ambazo pikipiki yenyewe hushindwa.

Isidhaniwe kwamba makala haya yanaipamba baisikeli. Kusukuma kilo mia na zaidi kwa siku nyingi ni upagazi juu ya magurudumu mawili. Kifua huumia, magoti huisha, na ujira huliwa na vizuizi vya njiani. Aidha, baisikeli haikuwakomboa wote. Mwanamke wa Maniema aendaye shambani bado hubeba kikapu mgongoni, ukanda ukipita kwenye paji la uso. Baisikeli ya nyumba mara nyingi ni ya mume au ya mwana. Tofauti kati ya msukumaji na mpagazi wa Bula Matari ni kwamba huyu wa sasa anamiliki chombo, anapanga siku ya kuondoka, na faida ikibaki ni yake. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini si sababu ya kumwacha na mzigo wake kana kwamba ameuchagua.

Nani ahesabiwe?

Miji mikubwa ya Afrika ya Mashariki imeanza kuufikiri usafiri upya. Mwezi wa Mei 2016 Dar es Salaam ilianzisha mabasi ya mwendo wa haraka katika barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kivukoni, kwenye awamu ya kwanza yenye urefu wa kadiri ya kilomita 21. Jambo la kuzingatia si mabasi peke yake. Njia yao ilitengwa na ile ya magari mengine, na pembeni pakawekwa njia za waenda kwa miguu na za baisikeli. Maana yake ni kwamba barabara ilikubaliwa kuwa mali ya watu wa namna nyingi, na kila mmoja akapewa nafasi yake.

Kasongo haihitaji kuiga mabasi ya Dar es Salaam. Inaweza kuchukua kanuni hiyo: barabara ipimwe kwa watu wanaopita, si kwa magari yanayopita. Kwa desturi, barabara huchaguliwa kutengenezwa kwa kuhesabu magari yake au kwa kutazama mzigo utakaotoka. Kipimo hicho kikitumika kati ya Kasongo na Kabambare, njia itaonekana kuwa tupu, hali imejaa watu tangu alfajiri. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, katika eneo la Kabambare, ulioingia katika uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 na kusimamisha kazi mwaka 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama, umekumbusha jambo lilelile: mzigo mzito huivuta barabara kwake, na mzigo ukiondoka, wakazi hubaki na barabara ambayo haikuanza nao.

Kutengeneza njia kwa ajili ya msukumaji wa baisikeli hakuhitaji hazina kubwa. Daraja la magogo linaweza kutandikwa mbao kwa urefu, upana wa magurudumu na miguu, ili baisikeli isitumbukie katikati ya magogo. Mfereji unaweza kuchimbwa ili maji ya mvua yasiifanye njia kuwa kijito. Ukingo wa barabara unaweza kushindiliwa na kuachwa wazi, ili mwenye bidoni sita asilazimike kuruka vichakani lori linapopita. Kivuko cha mto kinaweza kuwa na nauli iliyoandikwa mahali pa kusomwa. Na kizuizi kisicho na sheria kinaweza kuondolewa. Hilo halihitaji saruji bali amri inayotiiwa. Wanaofanya kazi hizo wanapaswa kulipwa. Karne ya jembe la bure, kutoka kazi za lazima za ukoloni hadi salongo, imetosha kuonyesha kwamba njia isiyolipiwa haitunzwi.

Yupo atakayesema kwamba kuijenga njia ya baisikeli ni kuukubali umaskini, na kwamba miji hii inastahili lami, malori na mabasi kama miji mingine. Hoja hiyo ina uzito. Lori moja hubeba mzigo wa baisikeli nyingi mno, na mama anayejifungua kwa shida anahitaji gari, si kiti cha nyuma. Lakini mambo hayo mawili hayapingani. Daraja linalobeba lori kwa usalama linaweza kumbeba msukumaji pia, iwapo aliyelichora alimkumbuka. Historia ya Maniema inaonyesha kwamba lori huja na kuondoka pamoja na bei ya pamba au ya dhahabu, lakini mwenye miguu na mwenye baisikeli wapo mwaka wote.

Hitimisho

Njia ya Kabambare na Kasongo imepitiwa na pembe, mateka, risasi, pamba, magunia ya mchele na bidoni za mawese. Wenye mali walibadilika: wakubwa wa misafara, Dola Huru, utawala wa Kibelgiji, makampuni, serikali ya taifa, majeshi. Mbebaji hakubadilika sana. Baisikeli ilimpa kwa mara ya kwanza chombo chake mwenyewe, ingawa haikumpa barabara.

Kwa wanafunzi wa historia na wa lugha, kazi iliyo mbele ni kukusanya masimulizi ya wasukumaji, mafundi wa kando ya njia na wanawake wa sokoni kabla hayajapotea, kwa maana ndimo yaliyomo maneno ya kazi, majina ya vituo na hesabu za siku ambazo hakuna daftari la serikali lililoziandika. Kwa wenye mamlaka ya barabara, kazi ni nyepesi kuliko hiyo: kusimama kando ya njia ya Kasongo siku moja ya soko, na kuwahesabu wote wanaopita.